Godoro Juani

Jumapili, 2 Juni

Kito ameondoka sasa hivi kurudi kazini. Nyumba imepwaya. Ameniachia daftari hili, akasema andika humu mambo yako, mama, baba naye apumzishe masikio. Nimecheka mpaka nimekaa chini. Huyo ndiye binti yangu! Ana mdomo wa mama yake na akili za — basi, tuseme za mama yake pia.

Habari kubwa kwanza. Mpimaji anataka kumposa! Ndiye yule kijana wa kupima viwanja, mrefu, mpole, viatu vimejaa vumbi lakini kola safi. Mimi mtu namtazama kola kwanza. Mama yake anakuja kutuona, si Jumamosi hii, ile inayofuata, na atalala hapa kwetu. Kito akanivuta pembeni. Kwamba yule mama kwa usafi ni moto wa kuotea mbali. Kwamba posa ya kaka yake Mpimaji ilivunjika kwa sababu ya mto! Alilazwa kwa wazazi wa yule msichana, mto ukamnukia mate ya mtu, asubuhi akafunga mzigo wake, akashukuru kwa chai, akaondoka. Mambo yakaishia hapo.

Nikamwambia Kito alale usingizi. Mto? Kwangu? Mgeni atalala kitandani kwangu mwenyewe, mimi na baba yake tutajibana sebuleni.

Kitanda changu — niseme tu, humu hanioni mtu. Mashuka meupe pe! Nafua kwa mkono, nasuuza mpaka maji yatoke kama yalivyoingia, tone la buluu, wanga kidogo, halafu pasi yakiwa bado na unyevu. Foronya zinasimama zenyewe. Na Kito, ambaye ni supavaiza wa vyumba hotelini (supavaiza! na meno ya utoto nayakumbuka yalivyong'oka!), kanifundisha kukunja pembe kama bahasha. Nzi akitua anateleza. Nimeshamwambia jirani yangu Mama Redio hivyo hivyo, na ukimwambia Mama Redio umewaambia wote. Jina hilo hatukumpa bure.

Kito safari hii kaja na begi jipya. La magurudumu, buluu ya kung'aa. Kuna mgeni alilisahau hotelini, hakurudi tena, bosi akampa Kito kwa kazi nzuri. Alitaka kuliweka sakafuni. Nikapiga kelele — begi kama hilo? Weka kitandani! Likalala juu ya shuka langu siku zote mbili kama bibi harusi. Nilimwita Mama Redio aje alione.

Jumanne, 4 Juni

Baba Kito anajikuna. Kuna-kuna-kuna, kama kuku anatafuta kiota. Nimemwambia ni nywele za wateja. Ndiyo, kinyozi ni kazi ya heshima, lakini mtu ataingiaje kitandani kwangu na ndevu za mtaa mzima? Akasema ameoga. Nikasema aoge tena. Kaoga. Kuanzia leo nguo za kazini anavulia mlangoni.

Jioni kavulia mlangoni. Mama Redio alikuwa anapita.

Jumatano, 5 Juni

Bado anajikuna. Na mimi najikuna! Nimesema ni joto. Tumejipaka poda wote wawili, tumebaki kama kuta zilizopakwa chokaa.

Halafu kuna kidoa kwenye shuka. Cha kahawia, kidogo, upande wake. Nikamuuliza, Baba Kito, unakunywa chai kitandani? Akaapa hanywi. Mtu anayeapa haraka hivyo ana jambo. Nimempa kikombe chenye kifuniko.

Alhamisi, 6 Juni

Mungu wangu.

Ni kunguni.

Nimeliandika neno halafu nimegeuka kutazama dirishani kama kuna mtu anasoma.

Nilikuwa natandika. Nikainua godoro nipate kuchomeka shuka vizuri, nikamwona kwenye mshono, amekaa, ameshiba, hana wasiwasi, kama mpangaji aliyelipa. Nikamfinya. Alinuka. Nikafuata mshono kwa kidole — familia! Wazee, vijana, na vitoto vyeupe visivyo hata na damu bado. Nilikaa sakafuni. Mimi! Mimi ambaye foronya zangu zinasimama!

Wametoka wapi? Hapa ndipo kichwa kinaniuma. Kwetu hawakuwepo. Hakuna kilichoingia humu ndani isipokuwa Baba Kito. Basi ni yeye. Ni kile kiti cha dukani kwake, kila mgongo unakaa pale.

Mama wa Mpimaji anakuja wiki ijayo. Yule alivunja posa kwa harufu ya mto. Kwa kunguni atavunja nini? Atavunja nyumba.

Jumamosi, 8 Juni

Jana nilifua kila kitu kwa maji ya moto yaliyochemka. Mashuka, foronya, blanketi, pazia, hata shati la Baba Kito alilokuwa amevaa, nilimvua. Yeye kapaka mafuta ya taa kwenye chaga, kila mbao, na matendegu tumeyasimamisha ndani ya makopo yenye maji. Kitanda kimekuwa kama mtu aliyeloweka miguu baada ya kazi. Amefanya kazi bila kunung'unika. Ila alisema mara moja tu, kwamba wadudu hawana mguu wa kutembea kutoka dukani. Nikamwambia ashike brashi.

Lakini godoro! Godoro dawa yake ni jua. Na jua liko uani, na ua ni wetu sote, na Mama Redio anafua uani. Kila mtu anajua godoro likitoka nje sababu ni moja kati ya mbili. Nilifikiri kutwa.

Leo asubuhi tumelitoa. Nikaliegemeza ukutani. Dakika hiyo hiyo — sabuni mkononi, kanga kiunoni — Mama Redio.

"Jirani, godoro nje? Kulikoni?"

Nikasema Baba Kito kamwaga chai.

Akalizunguka. Akaligusa. "Chai gani ya kulowesha godoro zima? Ya ndoo?"

Akaanza kuinama. Jamani, akaanza kuinamia mshono! Pale pale nikaona posa ya mwanangu inaondoka na begi lake. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikasema kwa sauti ya chini, "Jirani, nitunzie siri yangu. Ni umri. Baba Kito siku hizi... asubuhi tunaamka tumelowa."

Akaruka nyuma kama kaunguzwa. Mkono mdomoni. "Masikini! Yule mwanamume wa watu!"

Hakusogelea tena. Nilijisifu kidogo. Mtu mwingine angepatwa na kigugumizi.

Jumatatu, 10 Juni

Nilikosea hesabu. Nilisahau kwamba mume wangu ni kinyozi, na maneno yote ya mtaa huu yakizunguka mwisho yanakaa kwenye kiti chake.

Kaja nyumbani mchana, kafunga duka. Hajawahi kufunga duka mchana. Akasimama katikati ya sebule.

"Mama Kito. Mteja wa kwanza kapapasa kiti kabla hajakaa."

Nikaanza kukunja foronya.

"Wa pili kaniletea kipande cha plastiki. Kakikunja vizuri, kaniwekea mkononi, kanibana bega. Wa tatu kaniambia nisinywe maji jua likishazama. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, usione haya, kaka, wengi tuko hivyo!"

"Walikuwa na nia njema," nikasema.

"Umenifanya kikojozi!"

Nikamwomba akae. Akakaa. Nikamweleza yote, jinsi Mama Redio alivyokuwa anainama, jinsi ulimi ulivyoniponyoka. Nikamwambia sikuwa na njia. Ni moja kati ya mbili. Wewe, Baba Kito, ungechagua ipi, kukojoa au kunguni?

Alifikiri. Kweli alifikiri, mpaka akakuna kidevu, halafu mgongo.

"Kunguni," akasema. "Kunguni ni wetu sote. Hilo lingine ni langu peke yangu."

Nikapakua chakula. Nilimwekea kipande cha nyama cha kwangu juu ya cha kwake. Alikula vyote viwili lakini hakusema asante.

Anataka nitangaze ukweli. Nimemwambia subiri Jumamosi ipite, mtoto apate mume, kisha nitapanda juu ya pipa la maji pale uani na kutangaza kwa sauti kwamba mume wangu ni mkavu. Akasema, utapanda kweli? Nikasema nitapanda. Akasema basi.

Huyu mwanamume nilimpata wapi mimi? Si mrefu, si tajiri. Lakini nilijua kuchagua.

Jumatano, 12 Juni

Vita. Mtu kaniambia kunguni hufa kwa pasi. (Sikumwambia ni kwa ajili yangu. Nilisema kuna shangazi yangu mbali.) Basi jana nikapiga pasi godoro. Mshono hadi mshono, mvuke unatoka, nasikia wanapasuka, ta! ta! Nikafurahi nikaanza kuimba. Kwenye kuimba nikasahau pasi.

Sasa godoro lina alama ya pasi, kubwa, ya kahawia, mahali pale pale ambapo mtu angetegemea kuiona alama ya ule uongo wangu. Baba Kito kaitazama muda mrefu. Akasema, hata godoro umelipanga liseme dhidi yangu.

Tumelala usiku mzima hakuna aliyejikuna! Asubuhi nimekagua mshono, chaga, nyuma ya ubao wa kichwani. Hakuna hata kitoto. Nimeshinda! Nimetandika mashuka mapya kutoka sandukuni, pembe za bahasha. Nimetupa sarafu, imedunda. Sasa aje huyo mama wa usafi. Aje na miwani!

Kito kapiga simu. Sauti ya uchovu. Kwamba kwenye chumba chao cha wafanyakazi wamepuliziwa dawa, wenzake wote wanajikuna, hawajui wadudu wameanzia kwa nani. Nikampa pole. Nikamwambia hoteli ndivyo zilivyo, kila mtu analala mule, angalia usituletee. Tukacheka.

Anakuja kesho kutwa jioni.

Ijumaa, 14 Juni

Naandika nikiwa nimesimama. Siwezi kukaa.

Kito alifika nikiwa dukani kununua sabuni ya mgeni. Nikaingia mbio kumkumbatia, yuko jikoni anachemsha maji. Mzuri! Amenenepa kidogo shavuni. Nikamuuliza begi liko wapi nikupangie nguo.

"Nimeliweka kitandani, mama, si ulisema?"

Nilisema.

Nikaenda chumbani. Begi buluu, magurudumu manne, juu ya shuka langu jeupe. Nikafungua zipu. Na pale, kwenye kitambaa cha ndani, kando ya zipu — amekaa. Ameshiba. Hana wasiwasi.

Nilielewa kila kitu kwa mara moja, kama mtu aliyemwagiwa maji. Wiki ile begi lilipolala kitandani. Tena kwa amri yangu! Chumba cha wafanyakazi. Yule mgeni aliyelisahau na hakurudi — hakulisahau, huyo! Alilikimbia!

Na mimi nimemwogesha Baba Kito mara mbili mbili, nimemvulisha mlangoni, nimemtangaza kikojozi.

Kito akanikuta nimeshika zipu. Akaangalia. Supavaiza wangu, uso ukamshuka. "Mama, ni mimi niliyeleta?"

Nikasema hapana, mwanangu, hawa ni wa baba yako.

Baba Kito alikuwa mlangoni, na viatu mkononi. Alisikia. Alinitazama, akamtazama mtoto analengwalengwa na machozi, akasema, "Ndiyo. Ni wa kwangu. Ni kile kiti." Akaenda kuchukua beseni.

Kito si mjinga. Alilia, halafu akacheka, halafu akafunga nywele kitambaa na kuanza kutoa amri kama yuko kazini. Begi kwenye mfuko wa plastiki, limefungwa kamba, limewekwa nje nyuma ya choo. Mashuka kwenye maji ya moto. Akasema begi limekaa kitandani muda mfupi tu, bado tuna nafasi, ila godoro lazima lipate jua tena kesho asubuhi mapema, mgeni anafika mchana. Nikamtazama anavyofanya kazi. Hata kunguni anawaua kwa mpango! Mama gani ana binti kama huyu?

Jumamosi, 15 Juni, asubuhi

Godoro liko nje. Alama ya pasi nimeigeuzia ukutani. Jua ni kali, ahsante Mungu. Mgeni mchana. Nyumba inanukia sabuni. Baba Kito kavaa shati lenye vifungo vyote.

Jumamosi, 15 Juni, alasiri

Nimejifungia jikoni. Nimesema natazama sufuria.

Hakuja mchana. Alikuja asubuhi! Mama wa usafi ana haraka kama moto. Mwembamba, kitambaa cheupe kichwani, mkoba mmoja mdogo, na Mpimaji nyuma yake anafuta viatu kwa kila hatua. Sote tulikuwa uani. Godoro tulikuwa tumeligeuza upande wa pili lipate jua. Alama ya pasi inatazama lango. Na Mama Redio anaanika nguo, shingo imerefuka kama ya twiga.

Nikasema karibu, karibu sana, karibu mkwe — nikajing'ata, bado si mkwe. Akaitikia vizuri. Akanishika mikono yote miwili. Halafu macho yake yakaenda pale yalipokwenda.

"Na godoro?" akauliza. "Limefanyaje?"

Ua mzima ukanigeukia. Hata kuku.

Nikafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe hapakutoka kitu. Nikamwona Kito anavuta pumzi — namjua, alikuwa anataka kusema kweli yote, begi, hoteli, yote, mbele ya mama wa mchumba wake! Na Baba Kito alikuwa na nafasi yake. Neno moja tu, kunguni, na jina lake linasafishika hapo hapo, Mama Redio akiwa shahidi. Wala hakungekuwa na haja ya mimi kupanda pipa.

Akaweka kikombe chini. Kile chenye kifuniko. Akasogea mbele, akasimama wima kama anapigwa picha ya kitambulisho.

"Ni mimi, mama," akasema. "Ni umri."

Nilitaka nipasuke. Nilitazama chini nikaona miguu yake, soksi hazifanani, nikataka kulia pale pale.

Yule mama alimtazama sana. Kisha akafanya kitu ambacho sikukitegemea. Akampiga kibao kidogo begani. "Baba, usijali. Marehemu wangu alikuwa hivyo hivyo. Nyumba inayoanika ni nyumba safi. Wale wanaoficha ndio ninaowakimbia." Halafu akanigeukia. "Na wewe hukumwonea haya mumeo. Nimependa."

Nyumba inayoanika! Mpimaji akatabasamu mpaka masikioni. Kito akanibana mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Mama Redio akaangusha kibanio.

Tukala. Akasifu sahani. Akapitisha kidole juu ya kabati, akakitazama kidole, akaridhika. Akaniita mkwe! Mara mbili! Mara ya pili nilijifanya sikusikia ili aseme tena.

Baada ya kula akaomba apumzike kidogo. Godoro tukaliingiza, limekauka, lina joto zuri. Nikatandika mbele yake, makusudi, nionyeshe. Pembe za bahasha. Akasema hajawahi kuona kitu kama hicho. Nikasema ni mwanangu kanifundisha, ndivyo wanavyotandika hotelini. Kajilaza. Nimefunga mlango taratibu kama mtu aliyelaza mtoto mchanga.

Sasa nimekaa kwenye kigoda, moyo umetulia. Baba Kito yuko hapa kando yangu anakausha vyombo. Nimemwambia kesho akishaondoka mgeni napanda kwenye pipa, kiapo ni kiapo. Akasema tuone kwanza mahari. Nimempiga na kitambaa. Tumecheka kimya kimya, mabega tu.

Ngoja.

Nasikia kitu chumbani. Kwaruu. Kwaruu-kwaruu.

Labda ni panya. Mungu nisaidie, awe panya!

Kwaruu. Kitanda kimelia. Amekaa. Kimya. Sasa kama anakung'uta shuka.

"Mkwe?" Anaita. Sauti si ya hasira. Si ya furaha pia. "Mkwe, hebu njoo mara moja. Njoo peke yako."

Bado kaniita mkwe. Hilo niliandike.

Nimemtazama Baba Kito. Keshaweka sahani chini, kafunga kifungo cha juu cha shati, kapangusa mikono. Ananiambia kwa sauti ndogo nitangulie, nisitetemeke, na nikifika nimwambie hao nao ni wake.